Mzigo Usio na Anwani: Kisa cha Seli Zilizojaa Taka Huku Wafagiaji Wakizurura Nje

Mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Miezi inavyopita, ngozi yake inakuwa nene na ngumu ukiishika, viungo havikunjuki mpaka mwisho, vidole vinabaki vimejikunja kidogo kama vya mtu aliyeshika kikombe. Kinachoshangaza zaidi ni fizi: zinavimba hata meno yakiota yanaonekana kama yamezama ndani ya nyama. Kufikia mwaka wa pili kimo kinagoma kuongezeka. Baadaye vali za moyo zinanenepa, kifua kinauguaugua, na wengi wa watoto hawa hawafikishi miaka 10.

Daktari wa watoto wa miaka ya 1960 akimwona mtoto wa namna hii angesema bila kusita kwamba ni ugonjwa wa Hurler. Sura ni ileile, mifupa kwenye eksirei ni ileile. Lakini Hurler ina alama yake kwenye mkojo: minyororo mirefu ya sukari, inayotoka kwa wingi usio wa kawaida. Watoto hawa walipopimwa mkojo, wingi huo haukuwepo. Jules Leroy, daktari Mbelgiji aliyekuwa Wisconsin, Marekani, akifanya kazi na Robert DeMars, hakutaka kulifunika jambo hilo kwa kusema kipimo kimekosea. Alichukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, akazikuza seli zake ndani ya chupa, kisha akaziweka chini ya darubini.

Seli hizo za ngozi huitwa faibroblasti. Zikiwa nzima ni ndefu, nyembamba, na angavu, zina vidoa vya hapa na pale tu. Za mtoto huyu zilikuwa zimesheheni chembe nyeusi za duara, zimebanana kama maharage ndani ya gunia. Mahali pamoja tu ndipo palipobaki wazi: kieneo kidogo kando ya kiini cha seli. Mwaka 1967 Leroy na DeMars walichapisha waliyoyaona, na seli hizo zikaja kuitwa seli za I, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichonaswa ndani. Ugonjwa nao ukabeba jina hilo. Naomba msomaji akishikilie kichwani kile kieneo kilichobaki wazi, maana nitakirudia.

Chembe zile nyeusi zilikuwa lisosomu zilizofurika. Wakati ule jina la lisosomu lilikuwa na umri wa miaka 12 tu, nalo lilipatikana kwa njia ya kuchekesha kidogo. Christian de Duve, wa Louvain nchini Ubelgiji, alikuwa akichunguza insulini na ini, mambo ya kisukari, wala hakuwa akitafuta sehemu mpya ya seli. Katika kusaga ini la panya kwa upole alipima kimeng'enya kimoja, fosfatasi ya asidi, akapata karibu sehemu moja ya kumi tu ya kile alichotarajia. Sampuli zikawekwa kwenye friji. Siku chache baadaye zikapimwa tena, na kimeng'enya kikawa kimepanda kikafika pale kilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Watu wengi wangetupa namba ya kwanza na kuendelea na shughuli zao. De Duve alijiuliza kilikuwa kimejificha wapi, akaelewa kwamba kilikuwa kimefungiwa ndani ya mfuko wenye utando, na kule kwenye friji mifuko ilikuwa imepasuka. Mwaka 1955 mifuko hiyo ikapewa jina, na mwaka 1974 yeye akagawana Tuzo ya Nobel na Albert Claude na George Palade.

Lisosomu ni jalala na jiko kwa pamoja. Ndani yake mna vimeng'enya karibu 60, kila kimoja na kazi yake: hiki kinakata protini, kile kinakata mafuta, kingine kinang'oa sukari moja tu ya aina fulani kutoka kwenye ncha ya mnyororo. Vyote vinapenda ukali wa asidi, pH ya 5 hivi au chini yake (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi). Seli inaingiza humo mabaki yake yote, hata viungo vyake vilivyochakaa, na vinavyotoka ni vipande vidogo vya kujengea upya. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, taka ya aina yake haina wa kuikata, inalimbikizana. Hurler ni hivyo: kinachokosekana ni kimeng'enya kimoja, na kwa hiyo taka ni ya aina moja. Henri-Géry Hers, aliyekuwa na de Duve hukohuko Louvain, alikuwa ameonyesha mwaka 1963 kwamba ugonjwa wa Pompe hutokea kwa njia hiyo.

Ikatazamiwa basi kwamba seli za I nazo zimepoteza kimeng'enya kimoja kipya, na kazi iliyobaki ni kukitambua. Vipimo vilipofanywa havikukuta kimoja. Vilikuta pengo la vingi kwa mkupuo, karibu kila kimeng'enya kilichopimwa.

Hapo ndipo kisa kinapopata uzito. Kila kimojawapo cha vimeng'enya hivyo kina jeni yake, na jeni hizo zimetawanyika kwenye kromosomu mbalimbali. Lakini ugonjwa ulirithiwa kama ugonjwa wa jeni moja: wazazi wenye afya, na kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuugua. Jeni moja inawezaje kuzima vimeng'enya kadhaa visivyo na undugu wowote?

Mwaka 1971 Ulrich Wiesmann na wenzake wa Bern, Uswisi, walipima kitu ambacho kwa kawaida humwagwa kwenye sinki: maji ya kulishia seli. Humo ndimo vimeng'enya vilimokuwa, tele. Na damu ya wagonjwa nayo ilikuwa navyo kwa wingi, kupita mara kadhaa ya mtu mwenye afya. Kiwanda hakikuwa kimefungwa. Bidhaa ilitengenezwa, ikakamilika, na ikafanya kazi vizuri kwenye kipimo. Ila ilikuwa barabarani.

Tazama mtego uliopo hapa kwa mtu wa maabara. Ukipima damu peke yake unaandika "ziada". Ukipima seli peke yake unaandika "upungufu". Yote mawili ni kweli, na yanatoka kwa mtoto mmoja asubuhi moja. Mpaka leo utambuzi wa ugonjwa huu unategemea kuviona vyote viwili kwa pamoja. Na kama unajiuliza kwa nini vimeng'enya vyote hivyo vya kukata havimli mtoto kutoka ndani ya mishipa yake, ni kwa sababu damu ina pH ya 7.4. Visu vimo, lakini nje ya asidi ni butu.

Maelezo ya kwanza kuja akilini ni kwamba mfuko unavuja. Lisosomu zimetoboka, vimeng'enya vinachuruzika hadi nje. Ni maelezo mepesi, yanatosheleza kila kilichojulikana mwaka 1971, na Wiesmann mwenyewe aliyaweka mezani kama swali. Hayakuwa sahihi, na jinsi yalivyoangushwa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Elizabeth Neufeld alizaliwa Paris mwaka 1928, familia yake ikahamia Marekani mwaka 1940. Kwenye taasisi za afya za serikali huko Bethesda alikuwa tayari na jambo la ajabu mkononi. Mwaka 1968, akiwa na Joseph Fratantoni na Clara Hall, alizichanganya seli za mgonjwa wa Hurler na seli za mgonjwa wa Hunter kwenye chombo kimoja. Magonjwa hayo ni ndugu, lakini kila moja limepoteza kitu chake. Zikiwa mbalimbali, seli zote mbili hujaa taka. Zikikaa pamoja, zote mbili zinapona. Hata kugusana hakukuhitajika: maji yaliyokuwa na seli za upande mmoja, yakimiminiwa za upande wa pili, yalitosha. Seli humwaga sehemu ndogo ya vimeng'enya vyake nje, na jirani mwenye shida huvidaka na kuvipeleka kwenye lisosomu zake.

Mwaka 1972 yeye na Scott Hickman walirudia mtindo huohuo kwa seli za I, safari hii kwa pande mbili. Kwanza walichukua maji ya seli nzima wakayamimina juu ya seli za I. Seli za I zilivinyonya vimeng'enya, zikakaa navyo bila shida. Sasa rudi kwenye dhana ya mfuko unaovuja. Mfuko unaovuja hauchagui cha kuvuja. Kama ungekuwa umetoboka, hata vimeng'enya vya kuazima vingechuruzika. Havikuchuruzika. Dhana ile ikafa palepale.

Kisha wakageuza. Maji ya seli za I, yaliyojaa vimeng'enya kuliko maji yoyote mengine maabarani, yakamiminwa juu ya seli za mgonjwa mwingine aliyepungukiwa kimeng'enya kimoja tu. Seli zile zilikuwa na njaa ya kimeng'enya hicho, na vipokezi vyake, yaani protini za kwenye uso wa seli zinazokidaka, vilikuwa vizima. Zilikipuuza. Kilizizunguka siku nzima bila kuingia.

Kwa hiyo seli za I zinajua kupokea, na zinajua kutunza. Kasoro imo kwenye vimeng'enya vyenyewe, na ni ileile kwenye vyote. Hickman na Neufeld wakapendekeza kwamba vimeng'enya vya lisosomu, pamoja na tofauti zake zote, hubandikwa alama moja ya kutambulika, na kwamba ugonjwa wa seli za I ni kukosa kitu kinachoibandika alama hiyo. Jeni moja, alama moja, vimeng'enya chungu nzima. Kitendawili cha urithi kikafunguka papo hapo. Sahani mbili na maji ya kulishia seli. Sijui majaribio mengi yaliyopata jibu kubwa hivyo kwa vifaa vichache hivyo.

Kwetu mtu akituma kiroba cha mchele kwa basi anaandika jina na namba ya simu ubavuni kwa maka peni. Konda hafungui kiroba kuona ni mchele au ni sukari guru. Anasoma maandishi. Kiroba kisichoandikwa kitu kitashushwa kituo cha mwisho, kizima kabisa, hakina mwenyewe.

Maandishi yenyewe yalikuwa nini? Mwaka 1974 ilionekana kwamba ukivichokoza vimeng'enya kwa kemikali inayoharibu sukari bila kuiharibu protini, jirani anakoma kuvipokea. Alama basi ilikuwa kwenye sukari. Mwaka 1977 Arnold Kaplan, Daniel Achord na William Sly, huko St. Louis, walijaribu kuwapumbaza vipokezi kwa sukari za kila aina: ukiijaza seli sukari inayofanana na alama, vipokezi vinashikwa na sukari hiyo, na kimeng'enya kinakosa pa kushika. Sukari za kawaida hazikufua dafu. Iliyoweza ilikuwa manosi-6-fosfeti, yaani sukari ya manosi yenye fosfeti iliyopachikwa kwenye kaboni yake ya 6. Wakati huo fosfeti kukaa kwenye sukari ya protini ya binadamu lilikuwa jambo geni kabisa.

Sukari hiyo ikawa pia silaha ya kulipima wazo la Neufeld, na sehemu moja ya wazo hilo haikupona. Yeye na Hickman walidhani kila kimeng'enya hutoka kwanza nje ya seli ndipo kidakwe na kurudishwa ndani. Kama ndivyo, kumimina manosi-6-fosfeti nyingi nje kungeziba mlango wa kurudia, na seli nzima ingefilisika vimeng'enya kama seli ya I. Iliposhughulikiwa hivyo, seli haikufilisika. Safari kubwa ilikuwa inafanyika ndani kwa ndani, na kule nje kulikuwa kunapita vichache vilivyoponyoka. Kwa bahati nzuri alama ni ileile kwa njia zote mbili, ndiyo maana kosa hilo halikuangusha jibu.

Ili kuona safari yenyewe, tuanzie kwenye ribosomu, pale protini inapofumwa. Seli haina mpiga mbiu wa kutangaza nani aende wapi. Kila protini inabeba maelekezo mwilini mwake. Hilo ndilo wazo lililomletea Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Protini itakayosafirishwa huanza na kipande cha mbele cha asidi amino (shanga zinazounda uzi wa protini) 15 hadi 30 hivi. Kipande hicho kikichomoza tu kutoka kwenye ribosomu kinakamatwa, na ribosomu nzima inavutwa hadi kwenye utando wa mtandao wa mifereji unaokizunguka kiini. Protini inaingizwa humo ingali inafumwa, kisha kipande cha mbele kinakatwa. Ni kama tiketi inayochanwa mlangoni.

Lakini tiketi hiyo ni ya kuingia tu. Kimeng'enya cha lisosomu, homoni ya kumwagwa kwenye damu na protini ya kukaa kwenye ngozi ya seli zote zinaingia kwa mlango uleule na zinachanganyika ndani. Humo nyingi kati yake zinabandikwa shada la sukari 14, lilelile moja kwa zote. Kisha zinapanda vijifuko na kuelekea Golgi, rundo la mifuko bapa iliyopangwa kama chapati kwenye hotipoti, inayoitwa hivyo kwa jina la Camillo Golgi, Mwitalia aliyeiona mwaka 1898. Golgi ndiyo stendi kuu. Hapo ndipo mizigo inapotenganishwa, na isiyo na maandishi maalumu inakwenda nje. Kwenda nje ndiyo njia ya asiyeambiwa pa kwenda.

Mwaka 1981 makundi mawili yalifika kwenye mzizi kwa wakati mmoja: la Stuart Kornfeld huko St. Louis, na la Kurt von Figura na Andrej Hasilik huko Münster, Ujerumani. Alama inabandikwa kwa hatua mbili, kama stika yenye karatasi juu yake. Kimeng'enya cha kwanza, fosfotransferasi, kinabandika kwenye manosi fosfeti iliyofunikwa kwa sukari nyingine. Cha pili kinabandua kile kifuniko, na fosfeti inabaki uchi. Kwenye seli za I kinachokosekana ni cha kwanza. Wazazi wa watoto hao walipopimwa walikutwa na nguvu yake katikati, kati ya mgonjwa na mtu mwingine yeyote, kama urithi ulivyokuwa umetabiri.

Hapo swali linarudi nyuma hatua moja, na ni zuri kuliko lile la kwanza. Shada la sukari 14 ni la wote. Fosfotransferasi inajuaje kwamba huyu ni wa lisosomu na yule ni wa kwenda nje? Ukizisoma herufi za vimeng'enya hivyo 60 mwanzo hadi mwisho huoni neno wanalolishiriki.

Jibu lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti lilitoka maabara ya Kornfeld mwaka 1990. Thomas Baranski na wenzake walichukua ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja ni katepsini D, mkazi wa lisosomu. Wa pili ni pepsinojeni, anayemwagwa tumboni kusaga chakula. Maumbo yao yanafanana sana, anwani zao hazifanani kabisa. Kwanza wakampachika pepsinojeni mahali pa kushikia sukari, kwa sababu hakuwa napo. Fosfotransferasi ikampita bila kumtazama. Kisha wakaanza kumvisha viraka vya ndugu yake, kimoja kimoja, mpaka wakapata kiasi kinachotosha: lisini (aina ya asidi amino) moja kwenye nafasi ya 203 na kipande cha kutoka nafasi ya 265 hadi 292. Kwa viraka hivyo viwili tu pepsinojeni akaanza kubandikwa alama ya lisosomu.

Ukiangalia namba hizo, viraka viko mbalimbali kwenye uzi, asidi amino 60 na zaidi kati yao. Vinakutana tu uzi ukishajikunja kuwa protini kamili. Fosfotransferasi haisomi herufi. Inapapasa umbo, inatafuta lisini zilizokaa mkao fulani juu ya uso. Na protini iliyojikunja vibaya haina uso huo, kwa hiyo haipati alama.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Upande wa mwisho wa Golgi, penye pH ya 6.5 hivi, kipokezi kinaishika manosi-6-fosfeti, kijifuko kilichovikwa kikapu cha protini iitwayo klathrini kinachomoka, na mzigo unafika kwenye kituo chenye asidi zaidi. pH ikishuka chini ya 6 kipokezi kinalegeza mkono. Kimeng'enya kinaendelea hadi lisosomu, kipokezi kinarudi Golgi kuchukua kingine. Asidi ileile inayokinoa kisu ndiyo inayomwambia mbebaji amefika.

Sasa turudi kwenye kile kieneo kilichobaki wazi kando ya kiini, kwenye picha za Leroy. Ni mahali Golgi inapokaa. Chembe nyeusi zilijaa kote isipokuwa pale ambapo kasoro yenyewe ilikuwa ikitokea.

Jeni ilifahamika mwaka 2005. Inaitwa GNPTAB, iko kwenye kromosomu ya 12, na inatoa mnyororo wa asidi amino 1,256 ambao baadaye hukatwa vipande viwili. Mahali ambapo ugonjwa huu unajulikana sana ni Saguenay–Lac-Saint-Jean, Quebec, Kanada, eneo lililojazwa na uzao wa familia chache: mtu 1 kati ya 39 anabeba jeni yenye kasoro bila kuumwa. Kasoro yao ni moja, herufi 2 za DNA zimeruka, karibu na asidi amino ya 1,168. Zaidi ya asilimia 90 ya protini inaandikwa sawasawa, halafu mkia unaharibika. Kasoro nyingine kwenye jeni hiyohiyo huacha kimeng'enya kikifanya kazi kidogo, na mtoto anapata aina nyepesi zaidi, ambayo mtu anaweza kufika nayo utu uzima, viungo vikiwa vimekakamaa. Na mwaka 2010 Dennis Drayna na wenzake waliripoti mabadiliko ya GNPTAB, na ya jeni mbili zinazofanya nayo kazi, kwa baadhi ya watu wenye kigugumizi, wengine wao kutoka familia za Pakistani, wasio na dalili yoyote ya ugonjwa huu. Mfumo wa anwani wa lisosomu na ulimi unaokwama: kati ya vyote vilivyotoka kwenye kisa hiki, hili ndilo ambalo nisingelikisia.

Kwa matibabu, maarifa haya yamewanufaisha zaidi majirani. Mgonjwa wa Hurler leo anaweza kupewa kimeng'enya kwa dripu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, na inaingia kwenye seli zake kwa kuwa imebeba manosi-6-fosfeti. Mtoto wa seli za I ana vipokezi vizima, angeweza kupokea vilevile. Lakini angehitaji dripu ya vimeng'enya chungu nzima, na hakuna anayevitengeneza vyote. Kile kilichoziponya seli zake kwenye sahani ya Hickman hakijapata njia ya kumfikia kitandani. Upandikizaji wa uboho umejaribiwa kwa baadhi ya watoto, na matokeo hayajatosha kuitwa tiba.

Kuna jambo linaloharibu unadhifu wa simulizi hii, nalo ni ini. Kwa mgonjwa asiye na fosfotransferasi hata chembe, seli za ini zina vimeng'enya vya lisosomu karibu kiasi cha kawaida. Ina maana kuna barabara nyingine. Moja inajulikana: kimeng'enya kinachokosekana kwenye ugonjwa wa Gaucher, ugonjwa mwingine wa lisosomu, hakitumii manosi-6-fosfeti kabisa, hubebwa na protini iitwayo LIMP-2, jambo lililoonyeshwa mwaka 2007. Ndiyo maana hata kwenye faibroblasti za wagonjwa kimeng'enya hicho hukutwa nyumbani kwake. Faibroblasti ndizo zilizotufundisha kisa hiki kwa sababu ndizo zinazokua kirahisi ndani ya chupa. Kama Leroy angeweza kukuza seli za ini, huenda asingeona chembe hata moja.

Na kuna aina moja ya wagonjwa ninayoifikiria mara kwa mara. Fosfotransferasi nayo ni protini, na kama protini nyingine yoyote inahitaji kujua mahali pake: ibaki Golgi, isipande gari. Mwaka 2014 maabara ya Kornfeld ilieleza mabadiliko mawili yaliyokutwa kwa wagonjwa wa aina nyepesi, moja kwenye asidi amino ya 4, jingine kwenye ya 15, mwanzoni kabisa mwa mnyororo. Sehemu inayofanya kazi haikuguswa. Kwenye kipimo inabandika alama vizuri tu. Ila haikai kituoni. Inapanda vijifuko na kushuka pamoja na mizigo iliyoibandika yenyewe, inafikishwa kwenye lisosomu, na huko inakatwakatwa na vimeng'enya vile ilivyovitanguliza.